Maji ya Munyaka Yaliyokula Sabuni

Walisema nitarudi kutoka India nikijua kupika chapati tu. Kule Sugoi, mtoto wa mkamua ng'ombe hakutarajiwa kusomea maji. Maji yalikuwa ya kutekwa. Nilirudi na diploma, nikawa wa kwanza kijijini kwetu kuajiriwa katika ofisi ya maji mjini Eldoret. Nayasema haya bila aibu, ili vijana mnaoanza kazi mjue kwamba hakuna aliyenishika mkono.

Siku yangu ya kwanza, tai ikinikaba shingo, Msimamizi wa Maji alinitupia barua mezani, chini ya picha ya Rais.

"Haya, Bwana Diploma. Wamama wa Munyaka wanasema mfereji unakula sabuni. Nenda uangalie kama una meno."

Kiangazi kilikuwa kimepunguza maji ya bwawa, na mifereji ya mtaa wa Munyaka, yaani mabomba ya majumbani, ilikuwa ikiletewa maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Maji ya chini hupita kwenye miamba na kubeba chokaa. Ndiyo tuliyoyaita maji magumu. Sabuni haitoi povu, birika linaota magamba meupe ndani, maharagwe yanachemka tangu asubuhi bila kulainika. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: unatia maji kwenye chupa, unadondosha sabuni iliyoyeyushwa kwa spiriti, unatikisa, na kuhesabu matone mpaka povu likae bila kuvunjika. Matone yakiwa mengi, maji ni magumu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja, mama mkali. Aliyemfanyia kazi za nyumba, Mama Rispa, alikuwa ametoka magharibi kutafuta riziki.

"Mche mzima wa sabuni haufiki siku tatu," Mwalimu akasema. "Kama si maji, basi ni huyu. Pima, nijue."

Nilipaswa kutetemeka. Badala yake nilifurahia kutazamwa. Nikaomba maji, na Mama Rispa akaniletea gilasi juu ya sinia, kwa mikono miwili. Matone machache tu, povu likajaa chupa.

"Maji ni laini," nikatangaza. "Sayansi haidanganyi, Mwalimu."

Ripoti yangu ikapigwa mhuri. Mama Rispa alifukuzwa siku hiyohiyo, na Jumapili wamama wa kanisa wakaambiwa kwamba ni mwizi wa sabuni.

Wiki iliyofuata, katika nyumba nyingine ya Munyaka, niliona kiu nikaelekea mferejini. Mwenye nyumba akaniwahi. "Aa, ngoja nikupe ya kuchemsha. Mgeni hapewi ya mfereji."

Nikaikumbuka gilasi ya Mama Rispa. Maji yakichemshwa, sehemu kubwa ya chokaa ile hubaki imeganda kwenye sufuria. Mama Rispa alinikaribisha kama mgeni. Nilikuwa nimepima adabu yake, si mfereji. Nikachota mwenyewe pale pale, nikapima. Matone hayakwisha, juu palielea utando kama maziwa yaliyokatika.

"Ripoti ina mhuri," Msimamizi akaniambia. "Unataka niwaambie wakubwa kwamba ofisi ilikosea? Siku hizi?"

"Andika nimekosea mimi, Mzee. Jina langu, si la ofisi."

Aliivuta ripoti mbele yake. "Wewe una kiburi hata katika kukosea." Kisha akauchukua mhuri.

Nilimweleza Mwalimu kosa langu, nikaenda naye hadi Kapseret, ambako Mama Rispa alikuwa akipalilia mahindi kwa dada yake. Mwalimu akamwomba msamaha, sauti chini. Mama Rispa hakuliweka jembe.

"Uliniita mwizi mbele ya wamama wa kanisa, Mwalimu. Hapa hakuna aliyesikia. Msamaha wa hapa utanisaidia nini?"

Jumapili, baada ya ibada, nilisimama uwanjani na ndoo mbili, moja ya maji ya mfereji na moja ya kuchemsha. Mwalimu alikiri kwanza, akilia. Nami nikasema, "Mama Rispa hakuiba. Mimi ndiye niliyepima vibaya." Nikapima maji ya kila ndoo kwenye chupa yake, nikazionyesha zote mbili.

"Kumbe hata diploma inataka kuchemshwa!" mama mmoja mzee akapaza sauti, na uwanja mzima ukacheka.

Mama Rispa hakucheka. Aliichukua chupa ya mfereji, akaitikisa mwenyewe, akaiinua juu hadi walio nyuma kabisa waone kwamba haina povu. Mwalimu akamsihi arudi kazini.

"Kazi nitapata," akajibu. "Nilikuja kuchukua jina langu."

Nilipanda vyeo, nikasimamia mabwawa, nikapewa gari na dereva. Lakini mpaka mwisho maji ya kupima niliyachota kwa mkono wangu, nimeinama mferejini na suti. Siku ya kustaafu walinisifu kwa hotuba ndefu, na nilistahili. Hakuna aliyeitaja gilasi ile. Basi nikasimama nikaitaja mwenyewe, na jina la Mama Rispa nikalitamka lote, polepole, mbele ya watu wote.