Debe la Vipande la Muzamiru

Saa moja asubuhi, mjini Tororo, fundi Muzamiru Wahabi ameshaketi barazani kwake. Mbele yake kuna kitabu kinene chenye jalada la ngozi, na pembeni debe la biskuti lenye vipande vya karatasi vyembamba kama utambi. Mkewe, Kulusumu, anakoroga gundi ya unga wa muhogo aliyoitia pilipili ili mende wasiionje.

Ni kitabu cha sheria za Warumi wa kale, kilichopigwa chapa Ulaya miaka mia tatu iliyopita. Mwenyewe ni Herbert Oketcho, mkalimani mstaafu wa mahakama, aliyeachiwa kitabu hicho na marehemu padre aliyemfundisha Kilatini. Miezi miwili iliyopita alikileta kishonwe upya.

Muzamiru amejalidi madaftari na misahafu tangu mwaka 1921, yaani miaka thelathini na miwili. Akimaliza kushona, hukata kingo zote zilingane. Ndivyo alivyofunzwa, na hiki nacho akakikata. Kumbe pambizoni mlikuwa na maandishi ya mkono wa padre, na Oketcho hana ukumbusho mwingine wa mwalimu wake.

"Hakunigombeza," anasema Muzamiru taratibu. "Alipapasa tu pale nimekata. Afadhali angenipiga."

Kilichomwokoa ni desturi ya nyumba yake: karatasi yenye maandishi haitupwi ovyo, huenda imebeba jina la Mungu. Vipande vyote vilikuwa debeni, ila vimechanganyika, na Kilatini hapa hakuna anayekijua. Kulusumu ndiye aliyeona njia. Zamani wadudu walikula kitabu kuanzia pambizoni kuingia ndani, kila ukurasa na vijia vyake. Akawa anaunganisha kijia cha kipande na kijia cha ukurasa, kimoja kimoja, kwa subira inayomtia mtu huruma.

"Huyu mdudu tunamchukia miaka yote, Baba Fauziya," anamtania mumewe. "Leo yeye ndiye anatuonyesha njia."

Vipande mia mbili na sita vimesharudi mahali pake. Vimebaki tisa. Oketcho anaumwa kifua, hali inazidi kuwa mbaya, na Muzamiru anaogopa sana kuchelewa.

Kisu cha kukatia kingo amekitundika ukutani. Vitabu vya zamani hatavigusa nacho tena. Kipande cha mwisho kikishika, atapanda baiskeli, ashike njia ya Busia hadi kwa Oketcho.

"Nitakaa pale kwa kitanda chake," anasema, "nimwombe anisomee. Nataka nisikie nilikuwa nimekata nini."