Bomba la Moshi la Gari la Aabo

Rangi ya fedha ya kupaka bomba la moshi hutoa harufu kali injini inapowashwa mara ya kwanza. Nikiinusa hata leo, moyo huniruka. Nakuwa tena msichana wa Garissa, miaka ile ya vita vya jeshi na waasi wa shifta, na kesho tunakwenda Kotile kumchukua Ayeeyo, nyanya yangu, ambaye hatukuwa tumemwona tangu barabara zifungwe.

Baba yangu, Aabo, alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea maji kutoka Mto Tana. Kutu ilikuwa imelitoboa bomba lake zamani, na kila alipopunguza mwendo lilipiga kishindo. Asubuhi hiyo lililia mbele ya kizuizi cha askari. Pa! Askari wakalala chini, bunduki zikatuelekea. Aabo akanyoosha mikono juu.

"Afande, hii si bunduki! Ni baibu, bomba la moshi!"

Afande akaja, akachungulia chini ya gari, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Nami nikacheka. Kisha akakaza uso.

"Mzee, ruhusa ya Kotile unayo. Lakini ziba hilo tundu leo. Siku nyingine vijana wangu hawatangoja kuuliza."

Basi ua wetu ukageuka karakana. Hooyo, mama yangu, akautoa mkebe wake wa samli ukakatwa bati. Mimi nililala chali chini ya gari nikikwangua kwa brashi ya waya, vumbi jekundu likinijaa puani, na sijui kama nimewahi kuona raha kama ile.

"Kwangua mpaka chuma king'ae," Aabo alisema. "Ukipaka rangi juu ya kutu, umeificha tu. Itaendelea kula."

Alinieleza kwamba moshi una maji ndani yake, na gari linaloishia mtoni kisha likarudi halipati joto la kuyakausha. Akalifunga bati kwa waya, akaziba kingo kwa udongo wa mfinyanzi, akapaka rangi. Alipowasha, injini ilinong'ona tu! Majirani wakapiga makofi, nami nikarukaruka kama mwanambuzi.

Kesho yake afande alitupungia mkono, tukapita. Niliimba njia nzima.

Kotile tulikuta kibanda kitupu. Moto ulikuwa bado unawaka, maziwa yamemwagika mlangoni.

"Ayeeyo!" niliita.

Kichaka cha miiba kikatikisika. Akatoka, shali imechanika, akanikumbatia huku akitetemeka mwili mzima.

"Kumbe ni nyinyi! Mbona gari lenu halikulia?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani Ayeeyo alikuwa akicheza kibe, na kwamba alitetemeka kwa furaha, kama mimi.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Kwake yeye, gari lililokuja kimya lilikuwa la jeshi. Kishindo kile ambacho nusura kituue kizuizini ndicho alichokuwa akikitegea sikio, ili ajue kwamba anayekuja ni mwanawe.