Taa Nyekundu ya Bi Ernestine

Bi Ernestine Gaddis aliendesha basi la shule mjini Marlow Creek, Alabama, mpaka watoto aliowabeba wakakua, wakazaa, wakaanza kumkabidhi watoto wao. Kazi ile ilimzoeza kutumia macho yake kama watu wawili tofauti, moja likiwa barabarani na jingine kwenye kioo, likimsaka anayeshika nywele za mwenzake. Kwa hiyo timu ya besiboli ya Chuo cha Tolbert ilipomtafuta mwandishi wa mchezo, mji mzima ulimtaja yeye kabla hajatajwa mwingine.

Kiti chake kilikuwa kibandani, juu ya majukwaa, na mbele yake palikuwa na swichi mbili. Mpigaji akiupiga mpira akafika kituo cha kwanza kwa uwezo wake, Bi Ernestine aliwasha taa ya kijani kwenye ubao wa mbali, na watu wakajua ni pigo. Mpigaji akifika kwa sababu mlinzi ameuvuruga mpira aliopaswa kuudaka, aliwasha nyekundu, na kosa likaandikwa kwa jina la mlinzi huyo. Refa alikuwa na yake kule chini. Taa zilikuwa za Bi Ernestine peke yake, na kanuni ilimpa hadi jioni ya kesho yake kubadili uamuzi kama moyo wake haukutulia. Hakuwahi kubadili.

Alifundishwa na baba yake, Lucius Gaddis, kwenye meza ya jikoni, kwa punje za mahindi. Punje tisa zilikuwa walinzi, haragwe likawa mpira. "Hili nani angelidaka?" baba angeuliza, na mtoto angefikiri huku mkate wa mahindi ukipoa. Akijibu haraka mno, baba alilirudisha haragwe lilikotoka. "Tazama tena. Mpira haukujali umevaa shati la rangi gani."

Lucius alikuwa na sababu zake. Alirusha mpira kwa ajili ya Tolbert enzi zile timu ilipokuwa ikisafiri nyuma ya lori la chuo na kulala kwenye mabenchi ya makanisa, maana hoteli za njiani hazikuwapokea watu weusi. Uwanja wa nyumbani ulikuwa shamba la pamba lililong'olewa visiki na wanafunzi wenyewe, wale wale waliofyatua matofali ya mabweni yao. Katika msimu wake wa mwisho, ugenini, Lucius alirusha mchezo mzima bila mpinzani kupata pigo hata moja. Mpira mmoja tu ulipita katikati ya miguu ya mlinzi, ukaandikwa kosa mbele ya watu wote. Jioni, mwandishi wa wenyeji alikaribishwa chakula na kocha wa wenyeji. Asubuhi kosa lilikuwa limegeuka pigo, na mchezo wa Lucius ukawa mchezo kama mingine.

Hakulalamika. Alirudi kiwandani kupasua mbao. Hata chuo kilipoivunja timu na kuugeuza uwanja kuwa mahali pa bendi kufanyia mazoezi ya gwaride, Lucius alipita pale kila Jumapili baada ya ibada, na suti yake, akainama kung'oa majani kwenye kichuguu cha udongo anaposimama mrushaji. "Kaburi la nani hilo, baba?" Ernestine alimuuliza siku moja. "Si kaburi," alisema. "Kitanda. Timu imelala." Akina mama wa kanisa walipombana mkuu wa chuo mpaka timu ikarudishwa, Lucius ndiye aliyerusha mpira wa kwanza. Ernestine alikwea kibandani siku ile ile, na baba alipofariki aliendelea kukwea.

Lakini kwa miaka yote hiyo, ile ya lori na hii ya basi lenye kiyoyozi, kumbukumbu za Tolbert hazikuwa na mchezo hata mmoja ambamo wapinzani waliondoka bila pigo. Wazee walilitaja jambo hilo kama watu wanavyotaja jino lililong'oka.

Ndipo ikaja Jumamosi ya Aprili, Tolbert dhidi ya Chuo cha Calloway.

Mrushaji alikuwa Terrell Whitlow, kijana mkimya mwenye mikono mirefu. Katika pengo kati ya kituo cha pili na cha tatu alisimama Quincy Maddox, mwembamba, mdomo haulali, na msimu mzima hakuwa ameandikiwa kosa hata moja. Mwanamume mwenye kofia ya majani, aliyetumwa na timu moja ya kulipwa kusaka wachezaji, alikuwa ameegemea uzio akimtazama Quincy tu.

Awamu ya tatu kati ya tisa, akaja kupiga Boone Tyree wa Calloway, jitu la mkono wa kushoto. Wakati huo huo Otis Pickens, mtangazaji wa uwanja, aliyekaa bega kwa bega na Bi Ernestine, alimsogezea mfuko wa karanga za kuchemsha.

"Dada Ernestine, chukua kabla sijazimaliza."

"Otis, kula kimya kimya."

Mfuko ukapasuka. Maji ya chumvi yakaanza kutiririka kuelekea karatasi za mchezo, na Bi Ernestine akainama kuyazuia kwa mkono wa sweta. Akasikia gongo likiupiga mpira. Akasikia ngozi ya glavu. Alipoinua uso, mpira ulikuwa unaruka kutoka kwa Quincy na Boone anakikanyaga kituo cha kwanza.

"Kosa," alisema, akawasha nyekundu.

Watu wakamgunia Quincy kidogo, wakarudi kwenye kuku wao wa kukaanga.

Terrell akawamaliza waliofuata. Akawamaliza na wa awamu ya nne. Na wa ya tano. Ilipofika ya sita uwanja ulianza kubadilika, maana kila mtu pale alijua mwiko: mrushaji ambaye hajapigwa haguswi, haongeleshwi, na jambo lenyewe halitajwi. Kule kwenye banda la wachezaji, Terrell alikaa peke yake kwenye benchi kama mwenye surua. Aliyekuwa amesimama hakuthubutu kukaa. Otis, ambaye kwa kawaida angetangaza hata nzi akitua, aligeukia mambo mengine.

"Mabibi na mabwana," alisema kwenye kipaza sauti, jasho likimtoka, "samaki wa kukaanga Ijumaa, kanisani Mount Olive. Njooni na sahani zenu."

"Umelisema hilo mara tatu," Bi Ernestine alinong'ona.

"Unataka nitangaze nini, dada? Yale?"

Katika awamu ya saba, mkuu mpya wa chuo, mtu wa kaskazini aliyekuwa bado anaujifunza mji, alitazama ubao na kusema kwa furaha na sauti kubwa, "Hivi hawa Calloway hawajapata pigo hata—"

Dada Velma Oates, aliyekuwa kando yake, alimchapa begani kwa pepeo la kujipepea kanisani. "Mkuu! Funga mdomo huo!"

"Nimefanya nini?"

"Kaa. La, usikae! Simama hivyo hivyo ulivyokuwa."

Mpira uliofuata ulipaa mpaka kwenye uzio wa nyuma, na mlinzi wa kule alijirusha akaudaka kwa ncha ya glavu. Safu nzima ikamgeukia mkuu wa chuo. Alisimama bila kupumua mpaka mwisho.

Huko juu, Bi Ernestine alikuwa anaumwa na jambo lake, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu kulisema ni kuvunja mwiko. Mchezo wote sasa ulining'inia kwenye taa yake moja nyekundu. Je, mpira ule ulikuwa wa kudakwa? Aliusikia. Aliona mwisho wake. Mwanzo wake uliliwa na karanga. Aliurudisha kichwani kama baba alivyorudisha haragwe, na kila aliporudisha, palikuwa na giza la kufumba na kufumbua jicho.

Awamu ya tisa, mtu wa mwisho alizungusha gongo hewani tupu. Uwanja ukalipuka. Watu waliofika na fimbo walizisahau vitini. Terrell alimwagiwa pipa zima la maji ya barafu. Otis alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, mdomo wazi, ndipo mlango wa kibanda ulipogongwa.

Alikuwa Kocha Dupree wa Calloway, kofia mkononi.

"Bi Gaddis, shikamoo. Sikuja kwa ubishi. Mimi nilikuwa nimesimama pale karibu na kituo cha tatu. Boone aliupiga ule mpira kwa nguvu mno, mama. Kijana wenu asingeweza kuudaka. Lilikuwa pigo."

"Ondoka hapa!" Otis alipaza sauti. "Dada, usithubutu. Jambo hili tumelingoja tangu bibi yangu ana meno!"

Bi Ernestine alimtazama yule kocha mwenye sauti ya upole, akaona meza ya chakula cha jioni ambayo hakuwahi kuiketia, ya wenyeji wale wa zamani. Ilikuwa rahisi kumfukuza kwa niaba ya baba yake. Lakini hilo lingekuwa kulipiza kisasi, na baba hakumfundisha kuandika kisasi. Na kama angebadili kwa neno la kocha, basi angekuwa amefanya jambo lile lile alilofanyiwa Lucius.

"Kocha," alisema, "nitakwambia ukweli. Nilikuwa nimeinamia karanga. Niliona nusu."

Otis alishika kichwa.

"Twende chini," alisema Bi Ernestine. "Kama uamuzi ni wa kubadilika, utabadilika mbele ya watu."

Walishuka. Kelele zilipungua safu kwa safu walivyopita, kama mvua inavyohama bati hadi bati. Quincy alikuwa amembeba Terrell mgongoni. Alimshusha.

"Quincy, mwanangu. Ule mpira wa awamu ya tatu. Kocha Dupree anasema ulikuwa mgumu, hakuna ambaye angeuweza. Wewe unasemaje?"

Quincy alitupa jicho kwenye uzio, kwa mwenye kofia ya majani. Kila mtu alijua hesabu yake: taa ikiwa kijani, msimu wake unabaki msafi, na siku ya Terrell inakufa.

"Ulikuwa wangu," alisema. "Niliinua macho kumtazama Boone anavyokimbia, kabla mpira haujaingia kwenye glavu. Kosa langu mwenyewe."

"Unamkinga mwenzako," alisema Kocha Dupree, si kwa ubaya. "Hata mimi ningesema hivyo."

"Basi mpe Boone gongo."

"Nini?"

"Mpe gongo, apige vile vile. Kwa nguvu zake zote. Ukinipita hata mmoja, washeni kijani."

"Quincy, acha bwana," Terrell alisema.

"Wewe nyamaza, bado hatuongei na wewe."

Kicheko kikapita uwanjani. Boone Tyree, ambaye alilitaka pigo lake kama mtu mwingine yeyote, alikwenda kuchukua gongo. Kocha Dupree akawa anamtupia mipira. Bi Ernestine alisimama nyuma ya Quincy, kwenye nyasi, mikono kiunoni, na safari hii hakuinama.

Wa kwanza ulikuja ukinguruma. Quincy akaudaka. Wa pili ulikwenda kushoto. Akaudaka.

"Boone, unapiga mpira au unampapasa paka?"

"Subiri, we ufito!"

Boone alivua shati. Mipira ikaja mizito, mingine ikirukaruka juu ya vijiwe, mingine ikilala chini kama nyoka, na Quincy akawa anaichota mmoja mmoja, miguu imeshafika kabla ya mikono, macho hayatoki kwenye mpira. Kila alivyodaka vizuri, ndivyo kosa lake la mchana lilivyozidi kuwa kosa, na ndivyo watu walivyozidi kuelewa anachokifanya. Dada Velma alikuwa amelikunja pepeo lake kifuani.

Mwishowe Boone aliliangusha gongo, akashika magoti, akacheka.

"Kocha, mikono imekufa. Huyu anaudaka hata nikiupiga kwa hasira za mama yangu. Ule aliuangusha mwenyewe."

Kocha Dupree aliutazama mpira mkononi mwake kwa muda. Kisha akamwendea Bi Ernestine.

"Lilikuwa kosa, mama. Uliona nusu iliyotosha."

"Hapana," alisema. "Sasa ndiyo nimeona yote."

Alipanda ngazi polepole. Taa za ubao zilikuwa zimezimwa. Alikaa, akanyoosha karatasi iliyokunjamana kwa maji ya chumvi, akaweka kidole kwenye swichi, akawasha nyekundu.

Walipiga makofi. Uwanja ule ulikuwa umeshangilia mapigo, ushindi, harusi mbili na mvua moja baada ya ukame, lakini kosa halikuwa limewahi kushangiliwa pale. Walisimama, wenye fimbo na wasio na fimbo, Calloway pamoja nao, wakaishangilia taa nyekundu, na Quincy Maddox akavua kofia akainama mpaka chini, kama mtu aliyetunukiwa. Kwenye uzio, mwenye kofia ya majani naye alikuwa anapiga makofi.

"Dada," Otis alisema, "sasa naruhusiwa?"

"Ruhusa."

Akalitamka lile ambalo hakuna aliyelitamka Tolbert tangu visiki vya pamba ving'olewe. Alilitamka taratibu, neno kwa neno, akaongeza na jina la Terrell Whitlow. Kisha, bila kumuuliza mtu, akaongeza na jina la Lucius Gaddis.

Bi Ernestine alitoa kitambaa. Alifuta macho, akafuta meza, akausukuma mfuko wa karanga mbali.

"Jumamosi ijayo, Otis," alisema, "hizi utazilia nje."