Sabufa Isiyo na Tundu

Mume wangu amesaga nafaka maisha yake yote ya kazi, mashine ikimnguruma masikioni, na hakuna aliyewahi kumwambia ayazibe. Mtaani wanamwita Unga. Sasa hasikii. Ukiwa na neno naye, umguse bega kwanza, kisha uongee polepole akuangalie mdomo. Zamani kila Jumapili tulikaa sebuleni tukiangalia filamu, yeye akicheka kabla kichekesho hakijafika. Siku hizi nikiwasha tu televisheni, huyo chumbani, kulala jua likiwaka. Nimekuwa mjane mwenye mume.

Ndipo mdogo wangu akaniambia kwamba sabufa haisikiki kwa masikio tu, inatetemesha mpaka kifua. Nikasema basi, mtu wangu anarudi sebuleni. Nikaenda kwa fundi spika.

Fundi naye ana maneno. "Mama, ziko aina aina. Hii ina amplifaya yake humo ndani, unachomeka tu. Ile mpaka uitafutie amplifaya ya pembeni. Halafu kuna hii, sanduku limezibwa kote, mlio wake safi, hauvumi ovyo. Na hii ina tundu, inasukuma hewa nje, inatikisa mpaka vyombo kabatini. Wewe ni wa filamu au wa muziki?"

"Mimi namtaka mume wangu," nikamjibu.

Akacheka, akanishauri ile ya tundu. Nani, mimi? Nimeishi na msagaji, najua chombo chenye tundu kinamwaga. Sauti si itavujia yote huko nje? Nikachukua iliyozibwa, ya kuchomeka. Fundi akanifungia, agombane na mteja ya nini.

Jumapili nikaiweka kando ya kochi. Kwenye filamu gari likalipuka. Mlio safi kweli, kama alivyosema. Nikaweka kiganja kwenye kochi, wapi. Sakafu ya saruji, tuli. Nikamtazama mwenzangu, roho mkononi.

Akatabasamu. "Naisikia," akasema kwa ile sauti yake ya juu. "Tumbo zima linatetemeka." Akaanza kutikisa kichwa. Kwa furaha nikaongeza sauti.

Mara jirani akagonga, mtoto wake amelala. Nikamwomba radhi, nikarudi, nikainama, nikaizima sabufa. Mume wangu hakuniona, macho yalikuwa kwenye filamu. Kichwa kikaendelea kutikisika. "Hapo imepiga kweli," akasema, akanishika mkono.

Fundi yuko tayari kunibadilishia kwa ile ya tundu, hata kesho. Lakini nikiiondoa, baba wa watu atajua kwamba nimejua, na aibu itamrudisha chumbani moja kwa moja. Sasa kila jioni anakuja mwenyewe, anakaa, ananiambia niwashe. Nawasha. Ananiuliza kama na mimi naisikia tumboni, nami naitikia. Kulia siwezi, macho yake ni mazima.