Kilo ya Themanini

Ilikuwa mwaka ule mifereji ilipoganda. La, ulikuwa mwaka uliofuata, maana mzee Wiebren alikwisha kuuza ng'ombe wake, akabaki na mizani ya kupimia ndama. Kila Jumamosi mpeleka barua alisimama juu ya mizani hiyo, kavua viatu, kavuta pumzi na kuibana kana kwamba hewa nayo ina uzito. Timu ya kijiji ya kuvuta kamba haikumtaka mtu aliye chini ya kilo themanini. Kaka zake wote walikuwamo. Yeye alishikishwa makoti yao. Basi jioni alinyanyua vyuma, na mchana, kila baada ya mageti matano ya kupeleka barua, alikula yai la kuchemsha, maganda akiyatia mfukoni. Lakini baiskeli aliiendesha kama anayefukuzwa na mbwa, kwa kuwa alisoma mahali kwamba moyo nao unataka mazoezi.

“Punguza mwendo, kijana,” Wiebren alimwambia. “Yai unalolila kwangu linaishia kwa jirani.”

“Na barua zikichelewa, mzee?”

“Si matangazo ya makochi tu hayo! Nani atayalilia?”

Alipunguza mwendo wiki mbili, akaongeza kilo mbili. Wiki ya tatu akina mama wakalalamika, mbio zikarudi. Jumamosi ya mwisho kabla ya timu kuchaguliwa, mshale wa mizani ulitua kwenye sabini na tisa. Kabla kijana hajainama kuusoma, Wiebren alikanyaga ukingo wa mizani kwa kiatu chake cha mbao.

“Themanini!” kijana akapiga kelele, akamkumbatia, akarukia baiskeli na kutimka kwa kasi kuliko siku zote.

“Wewe!” Wiebren akamwita. “Kwa mwendo huo, kilo hizo utafika nazo?”