Mwenyekiti wa Taa na Homoni ya Giza

Taa ile niliileta mimi. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama mtaani kwetu Umoja, na kwa miezi kadhaa sikumpa mtu pumzi: barua huku, saini kule, mpaka nguzo ikasimamishwa na ile taa kubwa ya mulika mwizi ikawashwa juu yake. Nilipigiwa makofi. Wezi wakahamia barabara ya pili, na mwangaza ukahamia chumbani kwa mama yangu, maana dirisha lake linatazamana na nguzo. Yeye alisema tu kwamba sasa anaweza kuchagua mchele saa nane za usiku. Nikadhani ananisifu.

Mwaka jana akashikwa na nimonia. Alilazwa wiki moja, akarudi nyumbani na mfuko wa dawa na maagizo ya daktari: ameze zote, anywe maji, alale. Lakini homa ikawa inarudi kila jioni. Daktari akasema isiposhuka kwa siku tatu, tumrudishe wodini. Mama ana miaka themanini na mmoja. Alishasema wodini harudi, na akisema jambo, hata mchungaji hunyamaza. Niliogopa kwamba nitamzika.

Mtu mwoga mwenye bando ni hatari. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma, nikakutana na melatonini, homoni ambayo ubongo huitoa giza likiingia, ili mwili ujue ni wakati wa kulala. Wataalamu wanachunguza kama inaweza pia kutuliza ule moto ambao mwili huuwasha kupigana na viini, ambao ukizidi huunguza nyumba yenyewe. Kwa panya, nilisoma, matokeo yalipendeza. Mama si panya, lakini hapo niliruka mstari, nikaenda kununua vidonge vyake.

"Mzee, hizi ni za kulala," msichana wa duka la dawa akaniambia. "Maneno ya mapafu bado wanachunguza. Uliza daktari kwanza."

Nikampigia daktari palepale. Akasema hazitamdhuru, mradi asiache zile alizopewa. Nikamwambia msichana kwamba daktari amezisifu sana.

Usiku wa kwanza Mama alilala mwenyewe saa mbili. Saa tatu nikamwamsha nimpe dawa ya usingizi. Saa nne nikarudi na tochi ya simu kuona kama imefanya kazi. Saa tano vivyo hivyo. Usiku wa pili alinikazia macho.

"Wewe kijana, unataka nilale ama unataka kuniona nikilala?"

Nina miaka hamsini na sita. Nikamweleza habari za homoni, kwa kirefu, nikasisitiza kwamba haipendi mwangaza hata kidogo.

"Na hii taa yako?"

"Hiyo ni ya usalama, Mama."

Usiku wa tatu, homa ikiwa imepanda tena, stima ikapotea Umoja nzima. Majirani wakaanza kupiga simu. "Chairman, tuko giza huku! Unafanya nini?" Kwa kawaida mimi ndiye wa kwanza kupiga kelele. Safari hii niliizima simu, na tochi yake ikaenda nayo, nikapapasa ukuta mpaka kwenye stuli iliyo kando ya kitanda chake. Kidonge kilibaki mezani. Kwa kuwa sikuweza kumwona, nikamsikiliza. Ilifika saa pumzi ikawa ndogo mno, nikainama mpaka sikio langu likagusa kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa akipumua. Nikalia, kwa adabu, nisimwamshe.

Kulipokaribia kupambazuka nilimgusa paji la uso. Lilikuwa baridi, lina jasho. Nikatoka polepole kwenda kupika uji. Homa haikurudi jioni ile, wala iliyofuata. Labda ni dawa za daktari, labda ni giza, labda ni ukaidi wake. Sikuuliza simu.

Asubuhi hiyo alimaliza kikombe cha kwanza, akanyoosha mkono apewe cha pili.

"Jana umenitendea wema," akasema.

"Wema gani, Mama?"

"Hukuja hata mara moja. Nimelala."

Nikamwahidi kwamba hata leo sitakuja. Kisha nikaenda kutafuta blanketi zito la kuziba dirisha, na stuli nikaiacha palepale.