Mguu wa Shemeji Haukujua Kudanganya

Andika, na usiandike kwa haraka. Baba yangu alizaliwa Nyahanga, mfugaji mwana wa mfugaji. Mama yangu alizaliwa Masumbwe. Majina yao unayajua. Usiyaweke hapa, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwahi kuwaita kwa majina. Ninawataja kwa sababu baba ndiye aliyenifundisha tabia ya chumvi, na mama ndiye aliyenirithisha ulimi. Wewe unasomea uuguzi kwa vitabu. Mimi sikukanyaga shule. Nilifundishwa na mguu wa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mume wa dada yangu. Enzi za Waingereza alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu upande wa Geita, kwenye pampu iliyovuta maji kutoka shimoni. Masika moja miguu yake ilivimba hata viatu vikamkataa. Akilala chali alikosa pumzi, basi akawa analala ameketi, ameegemea gunia la pumba. Dada akaniita nije tumuuguze.

Dresa, yaani bwana aliyetibu wafanyakazi pale mgodini, alimsikiliza kifua, kisha akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo likabaki.

"Wewe ni mtu wa pampu," akamwambia. "Pampu ikichoka, maji hujaa wapi?"

"Chini shimoni."

"Moyo wako ndio pampu, na umechoka. Shimoni ni hapa." Akaugonga mguu. "Mengine yamejaa mapafuni, ndiyo maana ukilala yanakukaba. Dawa nitakupa. Lakini ukila chumvi, utakuwa unamimina kwa ndoo huku mimi navuta kwa kikombe."

"Na asipoacha?" dada akauliza.

"Atazama akiwa kitandani."

Mimi sikuhitaji maelezo zaidi. Ng'ombe wa baba walipolamba udongo wa chumvi, jioni walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Chumvi iendako, maji huifuata.

Kuelewa, hata hivyo, hakukutosha. Siku zile mwanamke aliyempikia mumewe chakula kisicho na chumvi alisemwa kuwa anamwonyesha njia, yaani hamtaki tena. Shemeji alilijua hilo, akalitumia: alikohoa kidogo tu mbele ya sahani, na mkono wa dada ukaenda wenyewe kwenye chumvi. Dada hakuweza kumnyima. Mimi niliweza. Mdogo wa mke ni mtani wa mume, na mtani humnyang'anya mwenzake samaki mdomoni, wala mwenye samaki hana ruhusa ya kukasirika. Jiko nikalichukua mimi.

"Shemeji," akaniuliza mchana wa kwanza, "mboga hii umempikia marehemu?"

"Bado si marehemu. Ndiyo maana nimeipika hivyo."

Kila asubuhi niliubonyeza mguu wake. Shimo lilianza kuwa la juujuu, nasi tukafurahi. Kisha likarudi kuwa la kutosha kupandia mbegu. Nikamuuliza. Akaapa kwa wazee wake wote kwamba ulimi wake umesahau chumvi.

"Wewe unasema hujala," nikamwambia. "Mguu unasema umekula. Nimwamini nani?"

"Mimi ndiye mwenye mguu."

"Mwenye ng'ombe naye husema ng'ombe wake hali mahindi ya watu."

Nikaanza kumchunguza. Kibuyu chake kidogo cha ugoro kilimfuata kila wakati wa chakula, lakini chafya hatukuisikia. Alipotoka kujisaidia nikakifungua. Chumvi, nyeupe, imejaa mpaka shingoni. Dada alitaka kwenda kumlilia. Nikamwambia machozi nayo yana chumvi, ayahifadhi. Nikaimwaga ile ya kibuyuni, nikaokota mawe meupe yaliyozagaa njiani, nikayatwanga kinuni, nikachekecha, nikakijaza kibuyu kama nilivyokikuta.

Mchana ule niliandaa ugali wa mtama na mlenda. Shemeji akageuka kando kama mtu anayevuta ugoro, akanyunyiza, akakoroga, akatia tonge mdomoni. Kinywani mwake kukasikika mlio ambao mlenda haujapata kuutoa.

"Shemeji, mlenda wangu una mifupa?"

Akatafuna polepole. Akitema, lazima aeleze; akilalamika, amekiri. Akameza.

"Hapana. Umepikwa vizuri."

"Basi nikuongeze."

Nikamwongeza, na akala. Machozi yalimlengalenga. Dada alitoka nje, nasi tukamsikia nyuma ya ghala akikohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa. Jioni shemeji aliniwekea kibuyu mapajani bila salamu.

"Dhahabu ya mgodi huu," akasema, "ni ngumu kuliko nilivyodhani."

Tangu hapo aliniita mwenyewe asubuhi, nije kumhoji shahidi. Shimo likapungua, likapungua tena. Kulipokucha siku moja dada alinijia mbio: mumewe amenyooka kitandani, hajaegemea gunia. Tukaenda. Dada akampelekea kiganja puani kutafuta pumzi.

"Niacheni," akasema akiwa amefumba macho. "Sijapata kulala chali tangu masika."

Moyo wake haukuwa mpya, na dresa hakutuficha hilo. Alipewa kazi ya kulinda ghala, akala mavuno mengi yasiyo na chumvi, akiyatukana yote.

Sasa tunza haya. Kibuyu ni kile kilicho juu ya kabati; usikioshe, unga wa mawe bado umo. Habari ya machozi yake usiifute. Na ukiwa wodini mgonjwa akakuapia, msikilize kwa adabu, kisha ubonyeze mguu. Halafu uulize ni nani katika nyumba yake mwenye ruhusa ya kumnyang'anya sahani, umfundishe huyo.

Mama yako hawezi kuninyima chumvi, maana ananiheshimu kupita kiasi. Wewe ni mjukuu, na mjukuu ni mtani wangu. Weka kalamu chini. Soksi hizi sikuzivaa kwa ajili ya baridi. Zivue, ubonyeze. Ukiniuliza, nitakwambia sijala.